Ile Alama ya Tairi Tuliyoiacha Mbeere Bado Iko

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Leo ni ya kusoma, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa magari sita tukiteremka kutoka Embu kuelekea Kiritiri. Kama hujawahi kupita hiyo njia, iko hivi: Embu mjini kuna baridi, kuna kahawa, kuna migomba. Muda si mrefu umeshuka, shati limeshika mgongo, na pande zote ni migunga, miiba na udongo mwekundu. Hiyo ndiyo Mbeere. Tukafika mahali peupe, mmoja wetu akasema tutoke barabarani tupige maduara, droni iko juu, vumbi litatoka poa sana. Tukatoka. Ilikuwa dakika ishirini hivi. Hiyo klipu ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Tulipokuwa tunajipanga kurudi barabarani, mzee mmoja akaja na fimbo yake, mbuzi wakimfuata. Hakutukemea. Alitusalimia vizuri, akauliza tumetoka wapi, kisha akasema, "Vijana wangu, kuna kitu mmepoteza hapa?" Tukacheka. Tukamwambia hapana mzee, tunajiburudisha tu. Akaangalia yale maduara chini, akasema, "Sawa. Mvua ikija nitaona mlipopita." Akaenda zake.

Nilidhani ni fumbo la wazee. Mwezi wa kumi na mbili, baada ya mvua, nikapita hapo tena, safari hii kwa mathree, nikamwomba dere anishushe. Nyasi zilikuwa zimetoka kila mahali, hadi nikashangaa kama ni palepale. Halafu nikaona maduara yetu. Yalikuwa bado mekundu, yamechorwa juu ya kijani kama mtu ameyapiga kwa rangi. Ndani yake hakukuwa na kitu. Na ule mstari uliokuwa kwenye mteremko ulikuwa umeshaanza kuwa mfereji, maji yamepita humo yakabeba udongo.

Mzee hakuwa ametutupia fumbo. Alikuwa ametueleza tu kile anachokijua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii historia ya sisi Wakenya na kutoka barabarani kwa raha. Nilitaka kujua tulifikaje hapa, na nimekuta mambo ambayo shuleni hakuna mtu alinifundisha.

Tuanze 1953. Mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka huo, magari yaliondoka kushindana katika Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Waliyaita mashindano hayo Coronation Safari. Ndiyo hayo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Hayo wengi mnayajua.

Sasa weka hiyo tarehe karibu na nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kufikia mapema 1953, misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ilikuwa imefungwa, mtu akionekana humo anaweza kupigwa risasi. Mwaka uliofuata, Aprili 1954, ikaja Operesheni Anvil hapo Nairobi, na makabila yaliyosakwa mlango kwa mlango yalikuwa matatu: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Huko nyumbani watu wakahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa uzio. Na kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, wanawake kwa wanaume wakachimbishwa mtaro mrefu na mpana, kazi ya lazima bila malipo, ili wapiganaji wasifikiwe na chakula.

Kwa hivyo babu yangu na babu yako walikuwa hawawezi kutoka kijiji kimoja hadi kingine bila karatasi, wakati uleule kuna watu walikuwa wanazunguka Afrika Mashariki nzima kwa gari ili kujifurahisha. Sisemi hivi ili nichukie Safari Rally. Naipenda, na ninyi mnajua. Nasema hivi kwa sababu raha ya kuendesha gari popote unapotaka ilizaliwa hapa kwetu wakati wengi wetu hatukuruhusiwa kwenda popote. Na ile raha ilikuja na wazo moja ndani yake, kwamba nchi kavu ni uwanja mtupu unaosubiri gari lije liushinde.

Tuwe wakweli kidogo. Safari ya zamani haikuwa mashindano ya kukata kichaka. Ilipita kwenye barabara za kawaida, zilezile za lori na basi. Miaka iliyofuata njia zake zilizunguka Mlima Kenya zikapita Embu na Meru, na ukimuuliza mzee yeyote wa huko atakuambia habari za tope na magari yaliyokwama huku watoto wakiyasukuma. Mwaka 1963 na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano. Joginder Singh alishinda 1965, akarudia 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Hapo ndipo shujaa wa Kenya alipopata sura mpya, mtu na gari lake lililojaa matope. Barabara mbaya ilikuwa ndiyo mpinzani.

Halafu barabara zikawekwa lami, na mpinzani akahamia kwingine. Akahamia kichakani.

Mwaka wa pili kukumbuka ni 1989. Miaka ya themanini majangili walikuwa wamemaliza vifaru. Katika Mbuga ya Meru kwenyewe, mwaka 1988, vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari waliuawa kwa bunduki. Ng'ambo ya Mto Tana, huko Kora, George Adamson aliuawa Agosti 1989. Ni katika hali hiyo kundi la watu wa magari, Ken Kuhle akiwa mmoja wao, walianzisha shirika la Rhino Ark, na mwaka 1989 wakafanya Rhino Charge ya kwanza huko Suswa, magari 31. Lengo lilikuwa kutafuta pesa za uzio wa umeme kuzunguka Aberdare.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kuna vituo kadhaa vimetawanywa kwenye eneo gumu, mawe, korongo na miiba. Una saa kumi. Mshindi si mwenye kasi. Mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Yaani unapewa tuzo kwa kunyoosha mstari. Kukiwa na korongo, unapita ndani yake. Kukiwa na kichaka, unapita juu yake.

Na pesa ziliingia. Kuna miaka zimepita shilingi milioni 100 kwa tukio moja. Uzio wa Aberdare ulikamilika 2009, kilomita 400 hivi. Mwaka 2012 wakaanza uzio wa Mlima Kenya, unaopita Embu, Tharaka Nithi na Meru. Ukizungumza na mkulima wa kule juu karibu na msitu, ambaye zamani alikuwa analala shambani akipigia ndovu debe, atakuambia ule uzio umemsaidia. Ndovu hali mahindi yake, na msitu haukatwi ovyo. Siwezi kudharau kitu hicho. Mlimani kwetu, mahali palepale ambapo miaka ya hamsini watu walichimbishwa mtaro wa kuwafungia, leo kuna uzio unaolinda maji yetu.

Ila kuna swali ambalo sijaona watu wengi wakiliuliza. Msitu wa mlimani, wenye mvua, tuliuonea huruma hadi tukauchangia mamilioni. Pesa hizo tulizipata kwa kupitisha magari juu ya nchi kavu, Kajiado, Samburu na kwingineko. Tuliamua mimea ipi ni ya kulindwa na ipi ni ya kukanyagwa? Na tuliamua lini?

Waandaaji wa Rhino Charge, kwa haki yao, hawaendi mahali bila ruhusa ya wenyeji, na wanabadilisha mahali ili pasiumizwe palepale kila mwaka. Magari ni kama sitini na kitu, mara moja kwa mwaka, na kila mtu anajua nani alipita wapi. Sisi je? Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia Juni 2021 huko Naivasha, kila mtu mwenye Subaru au Prado anataka vumbi lake. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilipokamilika, Chalbi ikawa safari ya wikendi ndefu. Misafara inapita Meru kila likizo. Hatuna kibali, hatuna mipaka, hatuchangii uzio wowote. Tumechukua mtindo wa Rhino Charge tukaacha masharti yake.

Sasa, tairi linafanya nini hasa? Nilidhani mmea ukikanyagwa unavunjika, basi, mvua ikija unaota tena. Kumbe mmea ni sehemu ndogo ya hadithi.

Udongo wa nchi kavu una ngozi. Juu kabisa, milimita chache tu, kuna viumbe vidogo sana, bakteria wa aina ya mwani pamoja na kuvu, ambavyo vinashikanisha chembe za udongo. Ngozi hiyo inazuia upepo usibebe vumbi na inasaidia mbegu kupata mahali pa kukaa. Unaposikia ule mlio wa kukatika chini ya kiatu chako mahali pakavu, mara nyingi ni hiyo unayoivunja. Lile vumbi zuri kwenye klipu yangu, ngozi hiyo ilikuwa imo humo.

Chini ya ngozi kuna nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo. Maji huingia kupitia humo, na mizizi hupumulia humo. Gari la tani mbili likipita, nafasi zinafungwa. Na hapa ndipo niliposhtuka. Sehemu kubwa ya huo mgandamizo hutokea katika mara chache za kwanza gari linapopita. Kwa hivyo ile hesabu yetu ya "tulipita mara moja tu" haitusaidii. Mara hiyo moja ndiyo yenye madhara. Na ukipita udongo ukiwa na unyevu, inakuwa mbaya zaidi.

Mvua ikija, maji hayaingii. Yanateleza kwenye alama ya tairi kama kwenye bomba, yanapata kasi, yanachimba. Alama inakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo. Mbegu zinasombwa. Zinazobaki haziwezi kusukuma mzizi kwenye udongo ulio kama tofali. Na kama tairi lilitoka mahali pengine na magugu kwenye matope yake, linaacha mbegu za magugu pia.

Kwingine duniani wamepima haya kwa muda mrefu. Kwenye jangwa la Mojave, Marekani, vifaru vya vita vya Jenerali Patton vilifanya mazoezi kuanzia 1942. Alama zake bado zinaonekana hadi leo. Wataalamu waliopima udongo wa huko wanasema mgandamizo unaweza kuchukua karibu karne moja kuisha. Jangwa hilohilo lilikuwa na mashindano ya pikipiki kutoka Barstow hadi Las Vegas, na mwaka 1974 waliondoka waendeshaji kama 3,000. Madhara yalionekana wazi kiasi kwamba serikali ikayasimamisha kwa miaka kadhaa. Nchini Namibia, kwenye tambarare za kokoto za Namib, kuna kuvumwani zinazoishi kwa ukungu wa baharini, na gari likipita juu yake mstari unabaki kwa makumi ya miaka.

Najua utaniambia Mbeere si Mojave. Kweli, sisi tuna mvua mara mbili kwa mwaka, na mimea yetu inarudi haraka zaidi ikiachwa. Lakini hilo la mvua lina pande mbili, kwa sababu mvua yetu ikija inakuja kwa nguvu, na kwenye mteremko uliochanwa na tairi, nguvu hiyo ndiyo inayochimba korongo.

Sasa nataka tuongee kuhusu neno "tupu". Tulipotoka barabarani siku ile, mmoja wetu alisema, "Hapa ni wazi, hakuna kitu." Nami nikakubali. Serikali ya kikoloni ilisema vivyo hivyo kuhusu nchi kavu, na vitabu vyetu vya shule viliendelea kusema kidogokidogo. Nchi ya kahawa na chai ni nchi yenye kitu. Kule chini ni "kame".

Wacha nikuambie kilichokuwapo. Kuna mukau, mti wa nchi kavu ambao mbao zake mchwa hawazipendi. Watu wa Mbeere na Ukambani wamejengea na kuchonga mbao zake tangu zamani, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imetumia miaka mingi kutafuta mbegu zake bora. Mbegu ya mukau imo ndani ya kokwa ngumu kama jiwe na haioti kirahisi. Mche mmoja uliojiotea porini ni bahati, na mche huo ukiwa na urefu wa goti, kwenye gari huuoni. Kuna kikwata, ule mgunga wenye miiba ya kunasa nguo, ambao nyuki huupenda. Asali ya Mbeere na Tharaka inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara inatoka kwa maua kama hayo. Kuna mibambara inayotoa utomvu. Kuna mikwaju, kuna mishubiri, na kuna nyasi ambazo kiangazi zinaonekana zimekufa kumbe zimelala tu. Tulipita mwezi wa nane. Kila kitu kilikuwa kimelala. Tuliona usingizi wa nchi tukadhani ni maiti.

Na mzee yule mbuzi wake wanakula hapo. Kwa hivyo swali lake lilikuwa la maana kuliko tulivyolichukulia. Kwake, mtu anayezungukazunguka mahali pamoja lazima awe anatafuta kitu.

Kuna watu watanijibu, na najua hata maneno mtakayotumia. "Mbona huongei kuhusu makaa? Mbona huongei kuhusu lori za mchanga?" Ni kweli kabisa. Makaa na mchanga vimeharibu Mbeere na Tharaka kuliko magari yetu sita yatakavyowahi kufanya. Siwezi kubishana na hilo. Lakini anayechoma makaa anatafuta karo, na mwenye lori analipwa na wajenzi wa majumba ya mjini. Wana kosa, na wana sababu. Sisi sababu yetu ilikuwa sekunde 40 za video. Kama kuna uharibifu ambao nchi hii inaweza kuuacha kesho asubuhi bila mtu yeyote kulala njaa, ni huu wetu.

Na usifikiri unabaki kule. Mbeere inateremka kwenye Mto Tana. Hapo ndipo kuna mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayotoa sehemu ya stima unayochajia simu ukisoma hii. Kila mfereji mpya kwenye miteremko hiyo unapeleka udongo kule chini. Mfereji wetu ni mdogo, najua. Ila sisi si msafara pekee.

Mfano mzuri uko karibu. Mbuga ya Meru ilitangazwa 1966, ina nyika kavu, ina mito, ina mikoma, na sheria ya mbuga ni kwamba hutoki barabarani. Ukiona simba yuko mita mia ndani ya nyasi, unamtazama kutoka ulipo. Watu wanalipa pesa kukubali sharti hilo na hakuna anayelia. Ukitoka kwenye lango na kuingia nchi ya watu, nyika ni ileile na mimea ni ileile, lakini ghafla tunajiona tuna uhuru wote. Tofauti ni kwamba ndani kuna askari na nje kuna mzee na mbuzi.

Hapo ndipo mimi nimefika. Siwaambii muuze magari. Mimi langu siuzi. Ila nimejiwekea mambo matatu, nanyi mnaweza kunishika nikiyavunja. Kwanza, nitabaki kwenye njia ambayo tayari ipo, hata kama ni mbovu, na ikiwa na tope nitapita katikati ya tope badala ya kufungua njia mpya pembeni. Pili, kabla ya kuingia mahali popote nitauliza ni pa nani, kwa sababu pana mwenyewe hata kama hakuna ua. Tatu, sitaweka tena klipu ya maduara, hata ya mtu mwingine, kwa sababu najua klipu moja huita magari kumi.

Ile ya mwaka jana nimeiondoa. Ilikuwa na watazamaji wengi, na ndiyo iliyoleta wengi wenu hapa, kwa hivyo mkiitafuta msione ajabu kuikosa. Kwenye simu bado ninayo, na kando yake nimeweka picha niliyopiga mwezi wa kumi na mbili, yale maduara mekundu katikati ya nyasi.

Mvua za mwezi wa tatu zikiisha nitarudi Kiritiri. Nataka nimtafute yule mzee nimsalimie, nimwambie kwamba kile tulichopoteza pale nimekiona.